Maisha ya Abu Zaid al-Balkhi, na Dawa Aliyoitunga kwa Wenye Huzuni na Khofu

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema zake zote, na tunamuomba amrehemu na amsalimu Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu zetu wa Pwani, mmezoea kusoma katika vijitabu hivi khabari za maimamu wa fikihi, na za mawalii, na za majemadari waliofungua miji. Mtu tutakayemtaja leo hakuwa jemadari, wala hakuwa imamu wa madhehebu, wala kaburi lake halizuriwi. Alikuwa mwalimu wa watoto, mwana wa mwalimu wa watoto, naye alikaa akafikiri juu ya jambo ambalo wanazuoni wengi walilipita upesi, nalo ni hili: mtu aliyepatwa na khofu, au aliyefiwa akashindwa kuchukua msiba wake, huuguzwaje?

Kwanza nitaeleza kilichonifanya niandike, kwa kuwa ndani yake mna kosa langu, na mwenye kuficha kosa lake hana haki ya kuwafundisha wengine.

Mimi hukaa Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, katika njia iendayo Musoma. Mtu atokaye mjini kuja kwetu hupita Igoma, na hapo Igoma pana makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, imekaribia kufika Mwanza. Walikufa mamia ya watu, na wengi hawakujulikana nyuso zao. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na zaidi ya watu mia mbili wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangojea nchi kavu. Nyinyi wa Pwani hamna haja ya kuelezwa msiba wa namna hii. Mwaujua wa Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, tarehe 10 Septemba 2011, na wa Skagit karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012.

Basi baada ya msiba wa mwaka 2018 alinijia mzee mmoja aliyepotelewa na mwanawe katika kivuko kile. Akakaa barazani pa chuo, na kila aanzapo kusema hulia. Siku ya kwanza nilimvumilia, na ya pili, na ya tatu. Ya nne nilimwambia anyamaze, kwamba kulia kupita kiasi ni upungufu wa imani, na kwamba siku za kupeana mkono zimekwisha. Alinyamaza kweli. Akaondoka, na muda wa miezi hatukumwona msikitini. Aliyenipa khabari zake ni mwanamke mmoja muuguzi wa zahanati. Alisema kwamba mzee yule halali usiku, moyo humwenda mbio bila ya sababu, kifua humbana, na akiliona ziwa hutokwa na jasho. Nikamuuliza yeye amemfanyia nini. Akanijibu kwamba kwa siku nyingi hakumfanyia kitu, ila kukaa naye na kumsikiliza, na kuhakikisha kwamba amekula. Niliona haya kubwa, maana mimi nina vitabu kabati zima.

Baada ya hapo kijana mmoja niliyepata kumsomesha aliniletea kitabu cha Abu Zaid. Nami nikakisoma kama mgonjwa anavyosoma cheti cha dawa.

Jina lake ni Ahmad bin Sahl, na kuniya yake ni Abu Zaid. Alizaliwa yapata mwaka wa 235 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 850 wa miladi, katika kijiji kiitwacho Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, ambao leo umo katika nchi ya Afghanistan. Baba yake alitoka Sijistan, akafundisha watoto hapo kijijini, na mwana akashika kazi ya baba. Hili naomba mlikumbuke, kwa sababu katika nchi zetu mwalimu wa chuo hudhaniwa kuwa ni mtu wa kulipwa kwa pishi ya mchele na kuitwa kwenye hitima, basi. Abu Zaid alianza hapo hapo, na mbao na watoto.

Alipokuwa kijana alitamani elimu ya Iraq. Akasafiri kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji, akakaa huko miaka minane. Alisoma kwa Yakub bin Is-hak al-Kindi, yule mwanafalsafa wa Waarabu, akajifunza falsafa, na nyota, na utabibu, na juu ya hayo akaisoma elimu ya dini kwa kina. Imepokewa kwamba katika ujana wake alihangaika sana katika mambo ya itikadi, akitafuta huku na huku, hata moyo wake ukatulia. Mimi nadhani mtu ambaye moyo wake haukupata kuhangaika asingeweza kuandika kitabu alichokiandika yeye. Kisha akarejea kwao Balkh.

Waliomwona wameeleza sura yake. Alikuwa mtu wa kimo cha kati, mwembamba, mwenye macho yaliyotokeza na alama za ndui usoni, mkimya sana, mwenye haiba. Alitunga vitabu yapata sitini, katika tafsiri, na adabu, na siasa, na elimu ya nchi. Ramani za nchi za Kiislamu alizozichora ndizo walizozijengea akina al-Istakhri na Ibn Haukal waliokuja baada yake. Vingi katika vitabu vyake vimepotea.

Riziki yake haikuwa ya mfululizo. Walikuwako wakubwa wawili waliokuwa wakimpa posho na zawadi, nao kila mmoja alikuwa na mwelekeo wake katika itikadi. Abu Zaid akatunga kitabu kimoja, mkubwa wa kwanza akakata posho. Akatunga kingine, wa pili naye akakata. Hakukifuta hata kimoja. Na wako watu waliomtuhumu kwamba dini yake ina kasoro, lakini Abulkasim al-Kaabi, mtu wa mji wake aliyemjua kwa karibu, alimtetea akasema kwamba ameonewa, na kwamba ni mtu wa tauhidi. Sisi Mashafii hatumfuati Abu Zaid katika fikihi, wala al-Kaabi hatumfuati katika itikadi, kwa kuwa alikuwa Muutazila. Walakini dawa haiulizwi madhehebu, na ushahidi wa jirani una uzito wake.

Huyu Abulkasim ana kisa kizuri. Amiri Ahmad bin Sahl al-Marwazi alipoutwaa mji wa Balkh alimtaka Abu Zaid awe waziri wake. Akakataa. Uwaziri akapewa Abulkasim, na Abu Zaid akakubali kuwa katibu tu. Mshahara wa waziri ulikuwa dirhamu 1,000, na wa katibu dirhamu 500. Imepokewa kwamba Abulkasim alimwamuru mweka hazina akate dirhamu mia katika mshahara wake yeye amwongezee Abu Zaid, na tena amlipe Abu Zaid sarafu zilizo nzima, na zilizokatika amletee yeye. Kwa fedha zile Abu Zaid alinunua shamba katika kijiji alichozaliwa. Amiri yule hakudumu. Aliwaasi Wasamani, akashikwa, akafa kifungoni Bukhara mwaka wa 307 wa Hijra. Aliyekataa uwaziri alibaki salama na shamba lake.

Sasa tuingie katika kitabu. Jina lake ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, maana yake ni mambo yanayoifaa miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili, nayo ina milango kumi na minne: khabari za hewa, na maji, na nyumba, na chakula, na usingizi, na mfano wa hayo. Ya pili ni ya nafsi, nayo ina milango minane. Katika hiyo ya pili analaumu kwamba matabibu huandika juu ya homa na tumbo na kuiacha nafsi, hali ya kuwa maradhi ya nafsi humjia mwanadamu mara nyingi zaidi. Mtu aweza kuishi umri wake wote asipatwe na ugonjwa fulani wa mwili, lakini hakuna aliyeishi asipatwe na ghadhabu, wala khofu, wala huzuni. Na viwili hivi, mwili na nafsi, huambukizana. Mwili ukiumwa, nafsi hushindwa kufikiri na kupata ladha ya kitu. Nafsi ikiumwa, mwili nao hufuata ukaugua. Maneno haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na leo ukienda hospitali ya Bugando hapa Mwanza, au Mirembe kule Dodoma, hutawakuta madaktari wanayakanusha.

Kisha akatoa shauri ambalo mimi naliona ndilo roho ya kitabu kizima. Alisema kwamba kama vile mtu mwenye akili anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua, kadhalika na aweke fikira njema moyoni mwake wakati wa utulivu, azizoeze, ili siku ya msiba azikute zi tayari. Kwani siku ya msiba si siku ya kujifunza. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu waziwazi: nilimletea mzee yule darsa siku ambayo nyumba yake inaungua.

Juu ya huzuni alipambanua mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuna kihoro, yaani ile hali ya mtu kupapatika na kupiga kelele khabari inapomfikia, na kuna huzuni inayobaki baadaye. Kihoro alikifananisha na moto unaowaka kwa ndimi zake, na huzuni akaifananisha na makaa yanayobaki moto ukisha kupungua. Basi muuguzi na ajue yuko mbele ya kipi. Mwenye kihoro hahojiwi wala haelezwi hikima. Hushikwa asianguke, hupewa maji, hukaliwa karibu, na watu wa makelele huondolewa. Mwenye makaa ndani ndiye wa kusemeshwa, kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kuachwa aseme yeye zaidi kuliko unavyosema wewe.

Tena akaigawa huzuni yenyewe sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa na mpenzi, au kupotelewa na mali. Hiyo dawa yake ni fikira za ndani pamoja na maneno ya mtu wa nje anayeaminiwa. Ya pili ni ile isiyojulikana sababu. Mtu huamka moyo umemzito, hana hamu ya chakula wala ya mazungumzo, na ukimuuliza nini hana la kukuambia. Hiyo Abu Zaid aliihesabu kuwa asili yake ni mwilini, katika damu, akaagiza itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na mazungumzo na mambo ya kufurahisha. Sababu ya damu aliisema kwa utabibu wa zama zake, na utabibu wa leo hausemi hivyo. Lakini kule kupambanua kwamba kuna huzuni yenye sababu na huzuni isiyo na sababu, na kwamba ya pili yataka tabibu na dawa wala si mawaidha peke yake, ni jambo ambalo wengi wetu hatujalifika. Ni mara ngapi mtu wa namna hii tumemwambia ana jini, tukamzungusha kwa waganga mpaka ng'ombe wake wakaisha? Kisomo ni chema na dua ni silaha, wala sikatazi. Lakini mpeleke na hospitali.

Na hapa niongeze la kwangu, kwa kuwa wenye kuuguza majumbani ni sisi na wake zetu. Mgonjwa wa huzuni akisema kwamba afadhali angekufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msimwambie kwamba amekufuru, wala msimwache peke yake hata usiku mmoja. Muulizeni kwa upole kama anafikiri kujiua, kwani kumuuliza hakumtii fikira hiyo. Ondoeni karibu naye kamba, na kisu, na dawa za shamba. Kisha mpelekeni kwa daktari siku ile ile.

Juu ya khofu alisema kwamba mambo mengi yaogopwayo, mtu ayafikiapo, huyakuta ni madogo kuliko alivyoyadhani. Akapiga mfano wa mtu asiyepata kuona ukungu, auonapo mara ya kwanza kwa mbali hudhani ni kitu kizito kisichopitika, na akisha kuingia ndani yake huona ni hewa yenye unyevu tu. Mwenye khofu, katika shauri lake, na azoezwe kuliona na kulisikia lile analoliogopa, mara kwa mara, mpaka nafsi ilizoee. Na mwenye wasiwasi unaomrudiarudia alimkataza upweke, akamwamuru kukaa na watu na kujishughulisha, kwa sababu fikira mbaya hupata nafasi pale mtu akiwa peke yake na mikono yake haina kazi.

Labda mtu atauliza: je, haya ni katika dini, au ni mambo ya wanafalsafa? Namjibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim macho yake yalitoka machozi. Lililokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mashavu na kupasua nguo, si kulia. Na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, aliwekwa katika hema la Rufaida al-Aslamiya msikitini Madina, naye Rufaida alikuwa mwanamke aliyejitolea kuuguza majeruhi, na Mtume akimpitia Saad asubuhi na jioni kumuuliza hali yake. Ama zile siku tatu nilizomwambia mzee, ni kweli wanazuoni wetu wa Kishafii wameona taazia baada ya siku tatu ni makuruhu, na sababu waliyoitaja ni kwamba huiamsha huzuni iliyolala. Basi angalieni: hukumu iliyowekwa ili kumhurumia mfiwa, mimi niliifanya fimbo ya kumfukuzia. Na tena kumuuguza aliye mgonjwa wa moyo si taazia, bali ni katika kumzuru mgonjwa, na kumzuru mgonjwa hakuna aliyekuwekea siku tatu.

Limebaki jambo moja katika maisha ya Abu Zaid, nalo watu hulicheka. Amiri mmoja wa Kisamani alimwita aende Bukhara awe pamoja naye. Akafunga safari. Alipofika ukingoni mwa mto Jaihun, ambao leo huitwa Amu Darya, akauona upana wake na mawimbi yake, hakuvuka. Alimwandikia amiri kwamba ikiwa amemwita kwa ajili ya rai njema aliyoisikia kwake, basi rai hiyo hiyo ndiyo inayomkataza kuuvuka mto huu. Amiri akampa ruhusa, naye akarudi Balkh.

Wanaocheka husema: huyu ndiye aliyeandika mlango wa kuiondoa khofu? Mimi sicheki. Sisi wa huku tumeona vyombo vikipinduka gati liko mbele ya macho, na nyinyi wa Pwani mwajua kwamba nahodha mkongwe ndiye anayeweza kuitazama bahari akasema leo hatuondoki. Hakuificha khofu yake kwa amiri, wala hakuipa jina la ugonjwa usiokuwa nao. Aliieleza kwa adabu, akakubaliwa. Na mtu aliyepata kusimama ukingoni akarudi, ndiye anayejua kumsemesha mwingine aliyesimama pale pale.

Abu Zaid alifariki Balkh mwaka wa 322 wa Hijra, yaani mwaka 934 wa miladi, umri wake umekaribia miaka tisini. Kitabu chake kilikaa karne nyingi katika makabati, na nakala yake ya mkono imehifadhiwa Istanbul, katika mkusanyo wa Ayasofya. Mwaka 1984 ilipigwa picha ikachapwa Frankfurt, na mwaka 2013 sehemu ya nafsi ikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Malik Badri, mwanazuoni wa Sudan wa elimu ya nafsi, aliyefariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ama mzee wangu, nilikwenda nyumbani kwake nikamtaka radhi. Hakunijibu siku ile, lakini alinipa kigoda. Baadaye alirudi msikitini. Muuguzi yule alimpeleka kwa daktari, akapewa dawa, na sasa hulala. Siku za Alkhamisi, baada ya Alasiri, huenda naye mpaka mahali ambapo ziwa laonekana kwa mbali, tukakaa. Mwanzo alikuwa akilipa mgongo. Siku hizi hukaa ubavu. Kupanda chombo bado, wala mimi simuulizi.